UZI: Una elfu 40 hadi 50 ya simu? Kabla ya kutazama kamera, hesabu itakukalia miaka mingapi

Mwana_Kibokoni

Assalaam aleykum na salamu kwa nyote. Kila baada ya siku chache yuaja mtu hapa auliza "nina elfu 45 ninunue simu gani", mmoja amjibu Samsung, mwengine Redmi, mwengine Infinix, kisha watu wabishana majina ya kampuni mpaka aliyeuliza ajiendea zake. Leo naomba tuzungumze thamani yenyewe, maanake elfu 45 kwa wengi wetu hapa Mombasa ni kodi ya nyumba ya miezi kadhaa, ni karo ya mtoto, na mtu akishaitoa yataka imkalie.

Mimi natumia Galaxy A55, ile iliyotoka Machi 2024, kwa hivyo nitaisema sana hiyo kwa sababu ndiyo niijuayo mkononi, lakini hesabu yangu waweza kuipeleka kwa simu yoyote ya daraja la kati.

Kitu cha kwanza natazama ni miaka ya apdeti za usalama, yaani marekebisho ya kampuni ya kuziba mianya ya wezi. Najua wengi hamuoni kama ni kitu, lakini fikirieni, simu zetu siku hizi ndizo benki zetu. M-Pesa iko humo, programu ya benki imo, eCitizen imo, picha za vitambulisho zimo. Simu ikiachwa na kampuni haizimi, yaendelea kuwaka kama kawaida, ila milango ya wezi yafunguka mmoja mmoja na hakuna wa kuifunga, na baada ya muda programu za benki zaanza kukwambia Android yako ni ya zamani. A55 ilitoka na Android 14, Samsung wakaahidi matoleo mapya manne ya Android na miaka mitano ya usalama, yaani mpaka 2029.

Sasa sikizeni hapa kwa makini, miaka hiyo yahesabiwa tangu simu ILIPOTOKA, haihesabiwi tangu siku umenunua wewe. A54 ilitoka Machi 2023 na ahadi kama hiyo hiyo, kwa hivyo mwisho wake ni 2028. A56 imetoka Machi 2025 na wameongeza, matoleo sita na miaka sita, yafika 2031. Ukipita Digo Road ukaona A54 imeshushwa bei usikimbilie tu, uliza imeshushwa kiasi gani ukilinganisha na miaka iliyokwisha kuliwa rafuni.

Hesabu nyepesi, chukua bei ugawe kwa miaka iliyobaki. Tuseme simu ya elfu 48 imebakisha miaka minne, hiyo ni elfu 12 kwa mwaka. Nyengine ya elfu 30 imebakisha miaka miwili, hiyo ni elfu 15 kwa mwaka. Ile iliyoonekana rahisi ndiyo ghali.

La pili ni huu mji wetu. Simu nyingi zinasifiwa na watu walioko kwenye baridi na kiyoyozi, sisi tuna joto la kaskazi Januari mpaka Machi, jasho, upepo wa chumvi, kisha masika yaja Aprili na Mei barabara zote maji. A55 ina kinga ya IP67, hiyo 6 ni vumbi haliingii kabisa na 7 ni maji ya kina cha mita moja kwa nusu saa. Simu nyingi za bei hii zina IP53 au IP54, ambayo ni matone na kurushiwa maji, zaidi ya hapo ni bahati yako. Kwa mtu apandaye feri Likoni asubuhi na jioni, au apandaye boda mvua imemkuta Kongowea, hiyo tofauti ni ya pesa kabisa.

Kioo ni AMOLED, aina ambayo kila kidoti chajiwakia chenyewe, inchi 6.6, chafika mwanga wa niti 1000, saa sita mchana Mama Ngina nasoma meseji bila kuziba na kiganja. Kasi ya matumizi ya kawaida ni nzuri, chipu yake, yaani ubongo wa simu, ni Exynos 1480, WhatsApp, TikTok, ramani, M-Pesa zote zaenda bila kuganda. Mwenye kucheza gemu nzito masaa mengi hii si yake.

Mabaya nayo nisiyafiche. Boksi halina chaja, wakupa waya tu. Kuchaji ni wati 25, kwa 2024 hiyo ni polepole, kujaa yachukua zaidi ya saa. Hamna tundu la iafoni. Haichaji bila waya. Na ni nzito, gramu 213, kwenye kanzu mfuko waonekana umelala upande mmoja. Mwaonaje wenzangu?

Barazani_Kisauni

Kaka heshima yako, uzi mzuri, lakini hapo kwenye chaji umepita haraka mno na kwetu sisi ndipo penye kazi. Mimi natumia Redmi Note 13 Pro ya 4G. Chaja ya wati 67 nimeikuta ndani ya boksi. Stima ikipotea huku kwetu Kisauni usiku kucha ikarudi alfajiri kwa muda mdogo, mimi nachomeka, nikioga na kunywa chai simu ina chaji ya kunitosha kutwa, na wewe na wati zako 25 utaondoka nyumbani ukiwa na robo. Tundu la iafoni ninalo, kioo ni AMOLED pia, na kamera ni megapikseli 200 yako wewe ni 50. Na bei yangu ilikuwa chini ya yako kwa mbali. Sasa hiyo thamani iko wapi?

Mwana_Kibokoni

Kwenye stima uko sawa kabisa na nakubali, anayeishi mahali stima yakatika sana chaji ya haraka ni thamani ya kweli si mapambo. Hilo kila mtu alipime na mtaa wake.

Lakini megapikseli 200 hapana ndugu yangu, hiyo naomba tuiweke wazi kwa sababu ndiyo iwauziayo watu wengi. Kamera yako ikipiga picha ya kawaida hukusanya vijidoti 16 ikavifanya kimoja, 200 ukigawa kwa 16 wapata 12.5. Yangu hukusanya vinne ikavifanya kimoja, 50 kwa 4 wapata 12.5. Picha zetu zatoka na ukubwa mmoja! Ukiilazimisha ipige 200 kamili mchana kweupe utapata undani zaidi ukivuta karibu, lakini faili ni kubwa na usiku haifai. Na ukishaituma kwa WhatsApp yabanwa, hakuna atakayejua ilikuwa 200 au 50.

Kwenye video ndipo tofauti ilipo. Yako ina chipu ya Helio G99, na video yako yaishia 1080p. A55 yapiga 4K, yenye vidoti mara nne. Chipu pia si sawa, G99 ina koo mbili tu za nguvu, yaani vipande vya chipu vifanyavyo kazi, za aina ya Cortex-A76, Exynos 1480 ina nne za Cortex-A78 ambazo ni mpya zaidi. Leo hutoihisi sana, utaihisi mwaka wa tatu programu zikishakuwa nzito.

Ummu_Makadara

Samahanini kaka zangu nami niulize la kwangu. Mimi ni mama wa nyumbani napika oda, mahamri, mkate wa sinia, viazi karai, biriani ya Ijumaa, na wateja wangu wote wanipata kwa stetasi ya WhatsApp. Simu yangu picha za jioni zatoka na ukungu, biriani yaonekana kama imechacha na mie nimeipika vizuri wallahi. Bajeti yangu haifiki hiyo ya A55. Pia nina laini mbili, moja ya nyumbani moja ya oda, na picha zangu zote ziko kwenye kadi ya memori. Muuzaji mmoja anisukumia simu ya "RAM 16" asema ndiyo kubwa zaidi dukani kwake. Nifanyeje?

Mwana_Kibokoni

Dadangu kwanza hiyo RAM 16, yaani kumbukumbu ya simu ikiwa kazini, muulize vizuri, mara nyingi ni 8 jumlisha 8. Hizo nane za pili si RAM, ni sehemu ya hifadhi ya simu imeazimwa ifanye kazi ya RAM, na kasi yake iko chini sana kuliko RAM yenyewe. Wewe hesabu nane ya kwanza tu, hiyo nyengine ifute akilini.

Kwa kazi yako tazama Galaxy A35. Ilitoka pamoja na A55 Machi 2024, ahadi ya apdeti ni ile ile mpaka 2029, IP67 ni ile ile, betri ya mAh 5000 ile ile. Wamepunguza pembeni, fremu ni ya plastiki, kamera ya mbele ni 13 badala ya 32, ile ya upana ni 8 badala ya 12, chipu ni Exynos 1380. Lakini kamera kubwa ya nyuma ni megapikseli 50 yenye OIS, yaani lenzi yajirekebisha mkono ukitetemeka, na hiyo ndiyo dawa ya ukungu wako wa jioni. Jioni kamera hufungua jicho muda mrefu zaidi ili ipate mwanga, mkono ukicheza kidogo tu picha yaharibika. Kila ukitazama simu uliza OIS iko au haiko, hizo kamera za makro, za kupigia vitu vya karibu sana, za megapikseli 2 na 5 zipite, ziko pale kuongeza idadi ya matundu. Na uipige sinia karibu na dirisha kabla ya magharibi, taa ya jikoni ya manjano hakuna simu itakayoipenda.

Laini mbili na kadi, hapo pana kikwazo. A35 na A55 zina trei moja, tundu la pili ni ama laini ya pili ama kadi, si zote mbili. Njia ni kuifanya laini moja eSIM, yaani laini isiyo na kadi iliyomo ndani ya simu yenyewe, hizi simu matoleo mengi yakubali, Safaricom na Airtel wote watoa. Hakikisha tu pale dukani kwenye mipangilio kuwa sehemu ya kuongeza eSIM ipo kabla hujalipa. A56 usiifikirie, hiyo wameitoa tundu la kadi kabisa.

Tuktuk_Bamburi

Mimi simu yangu yakaa kwenye dashbodi ya tuktuk kuanzia asubuhi, ramani imewaka, data imewaka, chaji imechomekwa, jua la mbele lote ni lake. Ikifika mchana kioo chajififiza chenyewe, chaji haipandi, na ya mwisho betri ilifura mpaka kifuniko kikanyanyuka. Sasa kwa kazi hii ninunue ya elfu 50 kweli?

Fundi_MwembeTayari

Niingie hapa kwa sababu hizi ndizo nizipokeazo kila siku mezani. Tuktuk, simu yako haikuwa mbovu. Betri za lithiamu adui yake ni joto, na kinachomaliza zaidi ni joto likikutana na chaji iliyojaa asilimia 100. Samsung wenyewe kwenye vitabu vyao husema simu itumike kati ya nyuzi 0 na 35, na kwenye kioo cha mbele cha gari juani hapo zimepita mbali. Simu ikijihisi moto yapunguza mwanga na kukata kasi ya chaji ili ijiokoe. Iondoe juani, iweke chini ya kivuli cha dashbodi penye upepo, kava la mpira mzito livue ukiwa kazini. Kwenye Samsung zenye mfumo wa One UI 6.1 kwenda juu kuna sehemu ya kulinda betri, weka ile ya kusimamia asilimia 80, kwa simu inayochomekwa kutwa hiyo itakuongezea maisha ya betri sana.

Na kwa dashbodi usitoe elfu 50. Infinix Note 40 au Tecno Camon 30, zote zina Helio G99 Ultimate na chaji ya haraka, ramani na meseji za abiria zaziweza bila shida, ikichoka na jua hujaumia kiasi hicho.

Sasa la maji. Watu wasoma IP67 kisha waenda kuogelea nayo pwani ya Nyali. Hiyo kipimo hufanywa kwa maji baridi, yaani yasiyo na chumvi, simu ikiwa mpya. Maji ya bahari ni kitu chengine, chumvi yabaki ndani ya tundu la chaji na ukichomeka umeme tu yaanza kula shaba, wiki mbili baadaye mtu aniletea tundu limekuwa kijani. Ikianguka baharini na ni IP67 na haijawahi kufunguliwa, isuuze kwa maji safi ya mfereji papo hapo, ipanguse, iache ikauke kwenye upepo, USIICHAJI siku hiyo. Mchele achaneni nao, unga wake waingia kwenye tundu nami nausafisha. Na simu ikishafunguliwa na fundi mara moja, hata kama ni mimi, ile gundi ya kuzuia maji haiko tena kama ya kiwandani, ihesabu kama haina IP.

Neno la kioo pia. Kabla ya kununua simu yoyote ulizia bei ya kioo chake. Vioo vya AMOLED ni ghali kuliko LCD, vile vyenye taa ya nyuma, mtu akishavunja huja kutaka cha bei nafuu, awekewa kopi ya LCD, kisha alalamika alama ya kidole haifanyi kazi. Haiwezi kufanya! Kisomeo kiko chini ya kioo na hupitisha mwanga kwenye AMOLED, LCD yakiziba. Kioo cha asili cha A55 na A35 kimefunikwa Gorilla Glass Victus+, ni kigumu, lakini kokoto za Mwembe Tayari hazijui jina. Protekta na kava ni lazima.

Mjukuu_wa_Tudor

Na hizi eksi-UK, zilizotumika Uingereza, je? Kwa pesa hizo hizo naweza kupata Galaxy S21 iliyotumika, hiyo ni flagshipu, simu ya daraja la juu kabisa, kamera ina lenzi ya kuvuta, yachaji bila waya, IP68. Kwa nini nihangaike na daraja la kati?

Mwana_Kibokoni

Ipitishe kwenye hesabu ile ile. S21 ilitoka Januari 2021 na Android 11, matoleo manne yaishia Android 15, usalama miaka mitano, kwa hivyo mwisho ni 2026. Umebakiwa na nini? Betri yake tangu mpya ni mAh 4000, na imeshatumika Uingereza miaka ukiichukua wewe, kwa hivyo itabidi ubadilishe, na ikifunguliwa IP68 ndiyo imekwenda kama alivyosema fundi. Kamera yake bado ni bora kuliko yangu, hilo silipingi, na anayejua anachokifuata kama mpiga picha akaipata safi basi aichukue. Ila kwa mtu ataka simu ya kukaa nayo, hapana.

Wenye bahati ni walioko Ulaya, tangu Juni 20, 2025 sheria yao yataka betri ibaki na asilimia 80 baada ya kuchajiwa mara 800, na spea zipatikane miaka saba baada ya simu kuacha kuuzwa. Kwetu hakuna sheria kama hiyo, hesabu ni yako mwenyewe.

Barazani_Kisauni

Haya hapo nimekuelewa. Mie Redmi yangu siiachi lakini mdogo wangu yuataka simu ya chuo, nitamwambia kwanza atazame mwaka simu ilipotoka. Ongeza na la mikopo, amepata duka la kulipa kidogo kidogo kila siku.

Mwana_Kibokoni

Mikopo si haramu kwa kila mtu, kuna ambaye bila hiyo hatoipata simu ya kufanyia kazi. Ila apige jumla, malipo ya siku zidisha na siku zote ongeza malipo ya mwanzo, hiyo ndiyo bei, kisha aigawe kwa miaka. Mara nyingi jumla yaipeleka simu ya daraja la chini kwenye bei ya daraja la kati. Na ajue akichelewa kulipa simu hujifunga, na laini ya kazi imo ndani.

Akinunua taslimu, abonyeze *#06# pale pale dukani, namba ya IMEI, kitambulisho cha simu, inayotokea ilingane na ya kwenye boksi na iandikwe kwenye risiti. Msidharau, wenye umri wakumbuka mwisho wa Septemba 2012 simu feki zilivyozimwa nchi nzima. Mamlaka ya Mawasiliano nayo ilitaka simu zilizoingizwa nchini kuanzia Novemba 1, 2024 ziwe zimelipiwa ushuru, ukaguzi uanze Januari 1, 2025, ila Mahakama Kuu ikalifuta agizo hilo mwaka 2025. Simu ya mkononi iliyoletwa kwa begi kutoka Dubai yaweza kuwa rahisi kweli, ila muulize muuzaji waranti utaipeleka wapi.

Ummu_Makadara

Kaka shukran sana, Mungu akulipe. Nimepita mjini, nimeipata A35, eSIM nimeiona kwenye mipangilio na IMEI yalingana. Muuzaji asema chaja haimo, ataka kuniuzia ya kwake, iko nyengine ya mia tatu na nyengine ghali. Nichukue ipi?

Fundi_MwembeTayari

Ya mia tatu iache mama, nyingi ya hizo hazina ulinzi ndani na stima yetu yapanda na kushuka. Tafuta iliyoandikwa USB-C PD yenye PPS, hizo ni njia za kuchaji haraka, wati 25 kwenda juu, ya kampuni ijulikanayo, na waya wa C kwa C utumie ule wa kwenye boksi. Ukiichomeka kioo kiandike "Super fast charging", kisipoandika mrudishie hapo hapo kabla hujatoka dukani.